Madoa Yameisha, Ugonjwa Bado Umo Tangini

Asubuhi, kabla taa ya tangi haijawashwa, kangaja wa buluu amejibanza pembeni, pale pampu inapotibua maji. Jana alikuwa hatulii, akizunguka mawe na kuguguna mwani. Leo amesimama mdomo wazi, matamvua yakipanda na kushuka kwa haraka. Taa inapowaka, madoa yanajitokeza: meupe, madogo kama punje za chumvi ya mezani, yametapakaa kwenye mapezi na mengine mawili matatu juu ya jicho.

Mwenye tangi anashikwa na wasiwasi. Anakimbilia dukani, anarudi na chupa ya dawa, anaimimina humohumo tangini. Siku ya tatu madoa hayapo. Anashusha pumzi na kuwapigia simu wenzake kuwasifia ile dawa. Wiki inayofuata madoa yamerudi. Si kumi tena, ni mamia, na si kwa kangaja peke yake bali kwa kila samaki aliyemo.

Wafugaji wengi wa samaki wa bahari wamepitia haya, na wengi wamepoteza tangi zima kwa siku chache. Kosa lao si uvivu wala kukosa huruma. Ni kuamini kwamba ugonjwa uko kwa samaki, na kwamba madoa yakitoweka, ugonjwa nao umeondoka. Kwa maradhi haya ya madoa meupe ukweli ni kinyume chake: siku madoa yanapotoweka ndiyo siku ugonjwa unapojiandaa kuzaana.

Ratiba ya kimelea

Kinacholeta madoa hayo ni kimelea cha chembe moja kinachoitwa Cryptocaryon irritans. Jina hilo kilipewa mwaka 1951 na mwanasayansi E. M. Brown wa Uingereza, ambaye miaka 20 kabla, mwaka 1931, alikuwa amekieleza kimelea kingine kinachoogopwa zaidi na wafugaji baada ya kukikuta kwa samaki wa bustani ya wanyama ya London. Kwa hiyo elimu ya vimelea hivi viwili tangu mwanzo ni elimu ya samaki waliofungiwa ndani ya kioo.

Kwenye mwamba wa matumbawe, kimelea hiki kipo na samaki wanakipata. Lakini bahari ni pana. Vitoto vya kimelea vikianguliwa chini kwenye mchanga, mkondo unavisomba, na vingi hufa kabla ya kumwona samaki yeyote. Ndani ya tangi la lita 300 hakuna mkondo wa kuvisomba wala samaki wa kwenda mbali. Kila kitoto kinachoanguliwa kina mwenyeji wake umbali wa sentimita chache.

Maisha yake yana hatua nne, na mfugaji anayezijua amefika nusu ya njia ya tiba. Kwanza, kimelea hujichimbia chini ya ngozi ya samaki au ndani ya matamvua na kula huko kwa siku tatu hadi saba. Hilo ndilo doa tunaloliona. Pili, kikishiba hujichomoa, mara nyingi gizani, kabla ya mapambazuko, kikaanguka chini na kutambaa kwa saa kadhaa kutafuta pa kushika. Tatu, hujifunika gamba gumu juu ya jiwe, kioo au mchanga, na ndani ya gamba hilo hujigawa mara nyingi. Kimoja kinaweza kutoa vitoto 200 na zaidi. Nne, gamba hupasuka na vitoto huogelea kumtafuta samaki. Visipompata ndani ya siku moja au mbili, hufa.

Tufanye hesabu ya haraka. Madoa kumi yakianguka usiku mmoja, wiki chache baadaye huenda vitoto 2,000 vikawa vinaogelea ndani ya maji yaleyale. Hata kimoja tu katika kila kumi kikifanikiwa, kangaja aliyekuwa na madoa kumi sasa anapata 200. Ndiyo maana wimbi la pili huua kuliko la kwanza, na ndiyo maana chupa iliyosifiwa kwa kuondoa madoa siku ya tatu haikuwa imeondoa kitu. Madoa yalidondoka yenyewe, kwa ratiba yake.

Zaidi ya hayo, samaki aliyeumwa na kupona hupata kinga fulani kwa miezi kadhaa. Tangi linaonekana shwari, kumbe kimelea kinaendelea kuishi kidogokidogo ndani ya matamvua ambako jicho halifiki. Siku analetwa samaki mgeni, au hita inaharibika na maji yanapoa, moto unawaka upya. Mfugaji humlaumu mgeni, ilhali mwenyeji ndiye aliyekuwa nao.

Safari iliyotangulia

Kangaja wa buluu, Acanthurus leucosternon, si mgeni kwetu. Anaishi katika Bahari ya Hindi, kuanzia mwambao wa Afrika Mashariki hadi upande wa Bahari ya Andaman. Kenya ina wavuvi wa samaki wa mapambo ambao huzamia kwenye miamba ya mwambao na kuvua kwa nyavu ndogo za mkono. Samaki hufungashwa kwenye mifuko ya plastiki yenye maji na oksijeni, wakapandishwa ndege kwenda Ulaya, Marekani na Asia.

Katika safari hiyo samaki hali, na maji ya mfuko hujaa amonia kutokana na pumzi na mkojo wake mwenyewe. Akifika huwekwa kwenye mfumo wa maji ambao makumi ya samaki kutoka bahari mbalimbali wanauchangia, kisha dukani, kisha nyumbani. Kila kituo humpunguzia nguvu na kumwongezea nafasi ya kuokota kimelea. Jamii ya kangaja huathirika upesi, na huyu wa buluu ana sifa mbaya kuliko ndugu zake wengi: madoa meupe humwanza yeye.

Maji kwanza

Mfugaji mzoefu akiitwa kumwangalia samaki mgonjwa haanzi na samaki. Anaanza na maji. Huuliza swali moja: wanaohema ni wote au ni mmoja?

Samaki wote wakianza kuhema kwa pamoja, ndani ya saa chache, mara nyingi shida ni maji. Maji ya bahari hubeba oksijeni kidogo kuliko maji matamu: kwenye nyuzi 26 za Selsiasi hayazidi karibu miligramu 7 kwa lita, wakati maji matamu yanafika 8. Umeme ukikatika usiku na pampu ikasimama, tangi lenye samaki wengi linaweza kuishiwa hewa kabla ya alfajiri. Katika miji yetu, pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni kifaa cha tiba sawa na dawa yoyote.

Kinachofuata ni amonia. Tangi jipya huhitaji wiki nne hadi sita ili bakteria waote kwenye mawe na kichujio, wageuze amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitreti. Kabla ya hapo amonia hupanda na kuunguza matamvua, naye samaki huhema sawasawa na mwenye vimelea. Maji ya bahari yana pH ya juu, kati ya 8.1 na 8.4, na kadiri pH na joto vinavyopanda ndivyo amonia inavyozidi kuwa sumu. Kipimo cha matone kinatoa jibu kwa dakika chache. Amonia ikionekana, tiba ni kubadilisha maji, na chupa ya dawa ibaki kabatini. Hapohapo hupimwa joto, ambalo huwa kati ya nyuzi 24 na 27, na chumvi, ambayo huwa karibu gramu 35 kwa lita.

Maji yakiwa salama na anayehema akawa mmoja au wawili, hapo ndipo macho yanamgeukia samaki.

Kusoma madoa

Kwa kumtazama samaki kwa utulivu, tochi mkononi na mwanga ukimpiga kwa ubavu, mfugaji anaweza kutofautisha maradhi makuu manne au matano.

Punje nyeupe zinazohesabika, zinazotoka na kurudi baada ya siku kadhaa, ni dalili ya Cryptocaryon. Punje iliyobaki palepale kwa wiki mbili huenda ikawa kitu kingine, kwa mfano vinundu vya kirusi cha limfosisti, ambavyo hukua taratibu pembezoni mwa mapezi hadi vikafanana na ua la koliflawa. Vinundu hivyo havina dawa wala havihitaji kutafutiwa. Chakula bora na utulivu humponya samaki ndani ya wiki au miezi.

Vumbi laini la rangi ya dhahabu, linaloonekana tu mwanga ukimpiga samaki kwa ubavu, ni jambo la kuamsha nyumba nzima. Hicho ni Amyloodinium ocellatum, kile kimelea cha Brown cha mwaka 1931. Wafugaji wa Ulaya na Marekani hukiita ugonjwa wa mahameli, kwa kuwa ngozi ya samaki huonekana kama kitambaa hicho. Kimoja kinaweza kutoa vitoto 256, na hushambulia matamvua kwanza. Samaki hukimbia mwanga, huhema mno, huogelea akielekea mdomo wa pampu, huacha kula, na anaweza kufa ndani ya siku mbili kabla hata vumbi halijaonekana. Anayesubiri kuona madoa ndipo aamini, kwa ugonjwa huu atakuwa amechelewa.

Ute mzito unaomenyuka kama ngozi iliyobabuka, hasa kwa samaki wa anemoni, wale wa rangi ya chungwa na mistari myeupe ambao watoto huwaita Nemo tangu filamu ya katuni ya mwaka 2003, ni alama ya Brooklynella hostilis. Jiří Lom na Ross Nigrelli walikieleza kimelea hicho mwaka 1970. Shaba, dawa inayotegemewa kwa madoa meupe na mahameli, hapa haifai kitu. Dawa yake ni josho la formalini. Kukosea jina la ugonjwa, basi, ni kukosea dawa, na kwa ugonjwa unaoua kwa siku chache hakuna muda wa kujaribu tena.

Kisha wapo minyoo bapa wa ngozi na matamvua. Samaki hujikuna kwenye mawe, macho huingia ukungu, naye hutikisa kichwa kama anayefukuza nzi. Minyoo hao ni angavu, hawaonekani. Njia ya kuwafichua ni josho la maji matamu, nalo linastahili kuelezwa hatua kwa hatua.

Dakika tano ndani ya ndoo

Ndoo safi hujazwa maji matamu yasiyo na klorini, yakapashwa hadi joto la tangi. Soda ya kuokea kidogo huongezwa ili pH ikaribie ile ya tangi. Pampu ya hewa huachwa ikitoa mapovu kwa nusu saa. Kisha samaki huteremshwa kwa chombo cha plastiki, si kwa wavu, kwa maana kangaja ana mwiba mkali kama kisu kidogo kila upande wa mkia, hunasa kwenye nyuzi na kumchana mwenyewe au mkono wa mtu.

Sekunde za kwanza zinaogopesha. Wapo wanaorukaruka, wapo wanaolala ubavu wakaonekana wamekufa. Mfugaji husimama hapo saa mkononi bila kuondoka. Samaki akitulia na kuhema kwa mpangilio, huachwa kwa dakika tatu hadi tano. Akilegea kabisa, hutolewa mara moja.

Halafu ndoo huinamishwa kwenye mwanga. Kama walikuwepo minyoo, chini pamelala vipande vyeupe bapa, milimita chache kila kimoja, kama magamba. Maji matamu yamewavimbisha na kuwageuza weupe. Hapo utambuzi umekamilika, na dawa yake wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua kwa matumizi mengine: prazikwanteli, ileile inayotolewa shuleni kutibu kichocho. Kwa samaki hutumika takriban miligramu 2 hadi 2.5 kwa kila lita ya maji, na hurudiwa baada ya wiki moja hivi, kwa kuwa mayai ya minyoo hayaguswi na dozi ya kwanza.

Josho hilo halitibu madoa meupe. Cryptocaryon amejichimbia chini ya ngozi na maji matamu hayamfikii.

Hospitali ya ndoo na bomba

Tiba ya madoa meupe na ya mahameli haifanyiki ndani ya tangi la maonyesho. Shaba huua kamba, konokono na matumbawe kabla ya kumaliza vimelea, na mawe na mchanga huifyonza, kiasi kwamba kipimo cha asubuhi si cha jioni. Wagonjwa wote, pamoja na wanaoonekana wazima, huhamishiwa tangi la pembeni.

Hospitali hiyo haina gharama kubwa. Tangi tupu la lita 60 hadi 100 lisilo na mchanga wala mawe, hita, pampu ya hewa, kichujio cha sponji, na vipande viwili vitatu vya bomba la plastiki la fundi wa maji ili samaki wajifiche. Sponji hukaa kwa wiki kadhaa ndani ya mfumo wa tangi kubwa mapema, ikikusanya bakteria. Bila hivyo amonia itapanda hospitalini na kuua wale waliokuja kutibiwa. Mkaa huondolewa kwenye kichujio, maana hunyonya dawa.

Shaba ya ioni hupandishwa taratibu kwa siku mbili hadi kufika kati ya miligramu 0.15 na 0.20 kwa lita. Chini ya hapo vimelea huishi, juu ya 0.25 samaki huanza kudhurika. Aina nyingine za shaba zilizofungwa kikemikali zina viwango vyake tofauti kabisa, kwa hiyo maelezo ya chupa yasomwe na kipimo kilingane na aina. Upimaji hufanyika kila siku. Dawa za kuondoa amonia haziwekwi pamoja na shaba, kwani baadhi huigeuza kuwa kali zaidi. Na kwa kuwa shaba huua vitoto vinavyoogelea tu, na si doa lililo kwenye samaki wala gamba lililo kwenye kioo, dozi hudumishwa wiki tatu hadi nne bila kushuka hata siku moja. Madoa yatatoweka wiki ya kwanza. Anayeacha hapo anarudi alikoanzia.

Ipo njia isiyo na dawa. Mwaka 1987 mtafiti Angelo Colorni, aliyefanya kazi Eilat kwenye Bahari ya Shamu, alionyesha kwamba kumhamisha samaki kwenye tangi safi mara nne, kila baada ya siku tatu, humtenga na vimelea. Hesabu yake ni ileile ya ratiba: kimelea kinachoanguka leo hakiwezi kutoa vitoto kabla ya siku ya tatu, na siku ya tatu samaki ameshahama. Tangi la zamani huoshwa na kukaushwa kabisa. Mbinu hii hudai matangi mawili, maji mengi na kazi ya asubuhi na mapema kabla ya taa, lakini haina sumu. Kwa mahameli haifai.

Klorokwini nayo hutumika. Dawa ambayo Kenya iliiacha kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001, hospitalini mwa samaki hupambana na vimelea vya madoa meupe na vya mahameli. Ugumu wake ni kwamba mfugaji hana kipimo cha nyumbani cha kujua imebaki kiasi gani majini.

Formalini ya kutibu Brooklynella hutaka tahadhari kuliko zote. Hupunguza oksijeni majini, kwa hiyo pampu ya hewa hutoa mapovu kwa nguvu muda wote wa josho. Mvuke wake ni hatari kwa binadamu, kwa hiyo kazi hufanyika nje, glavu mikononi, watoto wakiwa mbali. Chupa iliyoweka masimbi meupe chini haitumiki, kwani masimbi hayo ni sumu kwa samaki.

Wasafishaji wasiolaumiwa

Wafugaji wengi hununua samaki msafishaji, Labroides dimidiatus, wakiamini atakula madoa. Msafishaji huyo ni mfanyakazi hodari. Mwaka 1996 mtafiti Alexandra Grutter alikadiria, kwenye Great Barrier Reef ya Australia, kwamba mmoja hula vimelea takriban 1,200 kwa siku. Lakini vingi kati ya hivyo ni vidudu vya jamii ya kamba vinavyong'ang'ania juu ya ngozi. Cryptocaryon yuko chini ya ngozi, na msafishaji hamfikii. Huishia kukosa chakula na kufa kwa njaa ndani ya tangi, na mwamba alikotolewa umempoteza mhudumu wake.

Vitunguu saumu navyo vinaweza kumvutia samaki ale, na kula ni jambo jema kwa mgonjwa. Kimelea hakiviogopi.

Tangi lisilo na samaki

Wagonjwa wakiwa hospitalini, tangi kubwa hubaki na matumbawe, kamba na konokono wake, bila samaki hata mmoja. Huo ndio upande wa tiba ambao wengi huukatiza. Magamba mengi ya kimelea hupasuka ndani ya wiki nne, lakini yapo yaliyorekodiwa kuchelewa hadi siku 72. Kwa sababu hiyo wafugaji makini huhesabu siku 76 kabla ya kumrudisha samaki yeyote. Ndani ya muda huo hakuna mgeni anayeingia, na wavu uliotumika hospitalini hautumbukizwi tangini.

Samaki wapya wanaonunuliwa baada ya hapo huanzia hospitali hiyohiyo kwa wiki nne au zaidi, wakitazamwa na kulishwa, kabla ya kuonana na wenyeji.

Siku zote hizo mfugaji huwa na daftari. Ndani yake mna joto, chumvi, amonia, shaba, na safu moja ambayo vitabu vingi huisahau: idadi ya pumzi kwa dakika, ikihesabiwa kwa saa ya mkononi wakati samaki ametulia. Kila samaki ana kiwango chake, na anayekijua kiwango cha uzima huona kikipanda kabla ya doa la kwanza.

Siku ya 77 kangaja huteremshwa kwa chombo cha plastiki hadi tangi kubwa, taa zikiwa zimefifishwa. Hujificha nyuma ya jiwe kwa saa nzima. Kipande cha mwani mkavu kimebanwa kwenye kioo kwa kibanio. Anatoka, anarudi, anatoka tena, kisha anaung'ata mwani na kuutikisa. Mwenye tangi amechuchumaa kando, daftari magotini, akihesabu pumzi.